Mwanafunzi wa Uppsala na Siku Zake

Ukitaka kuona maisha ya kijana wa chuo kikuu katika nchi ya Uswidi, usikawie Stockholm penye serikali na maduka makubwa. Panda gari la moshi liendalo kaskazini (jina hilo ni la mazoea tu, maana linakwenda kwa umeme na moshi wake hutauona), nawe baada ya dakika arobaini hivi utashuka Uppsala. Kabla hujafika utaiona kwa mbali minara miwili ya kanisa kuu, ambayo urefu wake ni karibu mita 119. Ungesimamisha minazi minne mirefu, mmoja juu ya kichwa cha mwenzake, ndipo ungekikaribia kilele. Mji wenyewe ni wa nne kwa ukubwa katika nchi ile, walakini ni mji wa baisikeli. Nje ya stesheni zimelazwa mia kwa mia, na mwenyewe huitambua yake kwa kitambaa alichofunga kwenye kiti.

Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1477, nacho ndicho cha kwanza katika nchi zote za kaskazini ya Ulaya. Labda utashangaa ukisikia kwamba ruhusa ya kukianzisha ilitoka Roma. Askofu Mkuu Jakob Ulvsson aliomba, na Papa Sixtus IV akatoa hati, kwa kuwa siku zile Waswidi walikuwa Wakatoliki. Katika karne iliyofuata wafalme wao waliachana na Roma, na kanisa kuu pamoja na chuo vikaenda kwa Walutheri. Leo wanafunzi wake wanazidi 40,000.

Na wewe huko kijijini kwako unawajua baadhi ya watu wa Uppsala bila kujua kama unawajua. Mganga akipima homa ya mtoto wako, digrii anazosoma zinaitwa kwa jina la Anders Celsius, mwalimu wa mambo ya nyota katika chuo hiki, aliyetengeneza kipimo chake mwaka 1742. Mbuni ulio shambani kwako na mahindi yaliyo ghalani kwako yana majina ya Kilatini yanayotumiwa na wataalamu wa dunia nzima. Aliyeyaandika mwaka 1753 ni Carl Linnaeus, profesa wa papa hapa. Na yule Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliyekufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola mwezi wa Septemba 1961 alipokuwa akishughulikia vita vya Katanga, alilelewa katika ngome iliyo juu ya kilima cha mji huu, akasoma chuo hiki, na kaburi lake liko hapa.

Lakini kalamu sikuishika kwa ajili ya wakubwa waliokufa. Nataka kukuonyesha kijana aliye hai, mtoto wa mtu tu, na jinsi siku zake zinavyokwenda.

Tuseme basi wewe ndiwe mwanafunzi huyo, na mwezi ni Desemba. Saa ya mezani inakuamsha saa moja asubuhi. Unafungua pazia, na huko nje ni giza kama usiku wa manane. Sisi tumezoea kuanza kuhesabu saa zetu jua lichomozapo. Ukiifuata kanuni hiyo Uppsala mwezi huo, saa moja yako itakuja karibu saa nne kasorobo. Maana jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo, likapita chini chini juu ya miti kama mtu mwenye deni apitaye nyuma ya duka, na ifikapo saa tisa kasorobo mchana limekwisha tua. Watu huweka taa na nyota za karatasi madirishani ili mji usiwe kaburi. Na tarehe 13, sikukuu ya Mt. Lusia, wasichana huvaa kanzu nyeupe, mmoja wao akiwa na taji la mishumaa kichwani, wakaimba katika giza la asubuhi, kisha watu hula mikate ya zafarani. Ni ajabu kuona nchi iliyoacha watakatifu kwa muda wa karne nyingi ikimshika huyu mmoja wa Sisilia kwa nguvu namna ile. Ukiliona giza lenyewe utaelewa.

Chumba chako ni kidogo, kina kitanda, meza na kabati. Vyumba vya namna hiyo kumi, au kumi na viwili, vimepangwa katika ujia mmoja mrefu, na jiko ni la wote. Hapo jikoni ndipo mgeni wa kutoka kwetu anapopigwa na butwaa. Kila mtu ana rafu yake katika friji, maziwa yake yameandikwa jina, sufuria yake, chumvi yake. Watu sita watakuwamo jikoni kwa wakati mmoja, kila mmoja akikoroga chake, na mwenye kumaliza kwanza huketi akala mbele ya wenzake bila kusema neno lile ambalo sisi hulisema hata kwa mpita njia: karibu. Usifikiri ni uchoyo. Wao huona kwamba kumkaribisha mtu kila siku ni kumtwisha deni la kukukaribisha wewe kesho, nao hawapendi kumtwisha mtu mzigo asioutaka. Nimelifikiri sana neno hili. Nalielewa, walakini mate bado huwa magumu kumeza.

Unavaa koti, kofia, soksi mbili, unatoka. Baisikeli yako ina matairi yenye vijimisumari ili isiteleze juu ya barafu, na taa mbele na nyuma, kwa kuwa ni sheria. Ratiba inasema somo ni saa nne, lakini ukiwahi saa nne kamili utakuta mlango umefungwa au umekaa peke yako. Huko chuoni saa nne maana yake ni saa nne na robo. Ile robo ni desturi ya kale ya vyuo vya Ulaya, nayo inashikwa hata leo. Lakini baada ya robo kwisha, ukichelewa dakika mbili watu watakugeukia. Kumbe hata wao wana saa zao za kuchelewa, ila wamezipima.

Profesa anaingia. Hakuna anayesimama. Ana mvi, ameandika vitabu, na wanafunzi wanamwita kwa jina lake la kwanza, basi. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 Waswidi waliacha kuitana kwa vyeo, na siku hizi mtoto wa shule humwita hivyo mwalimu, na mgonjwa humwita hivyo daktari. Mwanafunzi atokaye kwetu hukaa wiki nyingi akizungukazunguka katika maneno ili asilitaje jina lile, maana ulimi unakataa. Mwenyewe profesa haoni kama amevunjiwa heshima. Anachokiona kuwa utovu wa adabu ni kuja bila kusoma kurasa alizokuagiza.

Na kurasa hizo ndizo zinazomla mwanafunzi. Masomo yao huhesabiwa kwa pointi: mwaka mzima ni pointi 60, na pointi moja na nusu ni kazi ya wiki moja, yaani saa 40, kama mtu wa ofisini. Walakini ukitazama ratiba ya yule asomaye historia au sheria, saa za kuketi mbele ya mwalimu ni chache, pengine mbili au tatu kwa siku, na siku nyingine hamna kabisa. Mgeni hufurahi, akadhani amepata likizo. Ole wake! Zile saa nyingine zote ni zake mwenyewe kuzijaza. Hakuna kengele, hakuna kiranja, hakuna msimamizi wa bweni wa kupita na taa. Hakuna anayeuliza ulikuwa wapi. Masomo hayaendi yote pamoja mwaka mzima kama shuleni kwetu, bali huja moja baada ya jingine, na kwa kawaida kila moja huwa na mtihani wake baada ya majuma machache. Kwa hiyo ukilala wiki mbili umekwisha lala nusu ya somo.

Basi baada ya mhadhara utawakuta katika maktaba. Iliyo kubwa huitwa Carolina Rediviva, nyumba ya mawe juu ya mteremko, na humo mna kitabu cha Injili cha karne ya sita kilichoandikwa kwa wino wa fedha na dhahabu juu ya ngozi ya zambarau, kwa lugha ya Wagothi ambayo haina msemaji tena. Waswidi walikichukua mateka Praha mwaka 1648, wala hawajakirudisha. Wageni huja kukitazama. Mwanafunzi hupita mbali akitafuta kiti kilicho karibu na umeme.

Saa sita mchana kila mmoja hutoa bakuli la plastiki lenye kifuniko. Jumapili alipika sufuria moja kubwa, makaroni na soseji, au dengu, au viazi, akagawa katika mabakuli matano, na hicho ndicho chakula chake cha mchana mpaka Ijumaa. Majengo ya chuo yana majiko madogo ya umeme ya kupashia chakula, na foleni yake ni ndefu kama ya kisima wakati wa kiangazi. Kula hotelini kila siku ni kwa wenye mshahara.

Kisha kuna jambo moja ambalo hata mwenye shughuli nyingi halikosi, nalo kwa Kiswidi laitwa *fika*. Naam, herufi ni zile zile za neno letu, ila kwao maana yake ni kuacha kazi na kuketi pamoja kwa kahawa na kitu kitamu, hasa andazi lililozungushwa na mdalasini. Huenda kahawa hiyo imetoka Kilimanjaro au Bukoba. Hapo ndipo Mswidi anaposema. Yule aliyekaa kimya jikoni, ukimwambia tufanye *fika* kesho kutwa saa tisa, ataandika katika kitabu chake, atakuja kwa wakati, na atakueleza habari za mama yake mgonjwa. Urafiki wao una miadi. Usingoje akupitie njiani.

Hata kufua kuna miadi. Nyumba ina chumba cha mashine za kufulia chini, na kila mpangaji huandikisha saa zake. Ukichukua saa za mwenzako, au ukiacha mavumbi ya nyuzi katika mashine ya kukaushia, hutagombezwa. Utakuta kijikaratasi mlangoni kilichoandikwa kwa adabu kali sana, na vijikaratasi hivyo ni mashuhuri katika nchi nzima. Mimi ningechagua kugombezwa.

Magharibi mwa mji kuna mtaa wa Flogsta, majumba marefu ya wanafunzi. Saa nne kamili usiku madirisha hufunguliwa, na vijana hupiga ukelele kwa nguvu zao zote katika giza, jumba moja likijibu jingine. Mgeni huruka kitandani akidhani pamewaka moto. Kwetu ukelele ukisikika usiku, kila mwanamume hutoka na rungu, na asiyetoka ataulizwa asubuhi. Huko hatoki mtu. Ukelele hudumu kitambo kidogo, madirisha hufungwa, kila mmoja hurudi kwenye kitabu chake. Wanasema ni mchezo tu wa kupunguza uchovu wa masomo, na wengi hucheka. Nami nilicheka, lakini nikakaa macho.

Sasa nije kwenye fedha, maana najua mzazi anayesoma gazeti hili amekuwa akijiuliza nani analipa. Mswidi halipi karo ya chuo kikuu. Na kwa chakula na pango, serikali ina ofisi iitwayo kwa kifupi CSN, ambayo humpa kila mwanafunzi fedha kwa mwezi. Kama sehemu tatu katika kumi ni zawadi, nyingine ni mkopo akitaka. Utaratibu huu ulianza mwaka 1965. Ofisi haimwulizi baba yake ana mshahara gani, au, kwa mfano wetu, ana ng'ombe wangapi. Mtoto wa mkata na mtoto wa tajiri hupata kiasi kile kile, kwa sababu wote wawili huhesabiwa kuwa watu wazima. Asipofaulu pointi za kutosha, fedha husimama. Akimaliza masomo huanza kulipa kidogo kidogo, na deni laweza kuchukua hata miaka 25.

Fikiri maana yake. Mwana wetu anapokwenda chuo, ng'ombe huuzwa, mjomba huchanga, jumuiya huchanga, na padre huandika barua. Huondoka amebeba ukoo mzima mgongoni. Akifaulu wamefaulu, akianguka wameanguka, na akitaka kubadili somo la uganga awe mchoraji wa picha, wazee kumi watakaa kikao. Kijana wa Uppsala hana kikao. Binti wa mkulima anaweza kusoma unajimu wa nyota, akaacha, akaanza tena ualimu, na hakuna wa kumlaani. Hilo ni jambo kubwa, wala nisingependa msomaji alidharau. Ni wasichana wangapi wa kwetu waliorudishwa nyumbani kwa kuwa fedha ilitosha kaka tu?

Walakini kuna upande wa pili, nao niliuona kwa wanafunzi wafanyao kazi Jumamosi. Wengi huongeza fedha kwa kazi za dukani, au kwa kuwahudumia wazee: kuwaogesha, kuwapashia chakula, kuwapa dawa kwa saa zake. Kazi hiyo ni wajibu wa halmashauri ya mji, nayo huwalipa. Kijana huenda nyumba hadi nyumba na funguo mfukoni. Mzee anayemhudumia ana watoto wake, lakini mmoja yuko Göteborg, mwingine Malmö, nao hawadharau baba yao, wanajua anahudumiwa. Na huyu kijana naye ana nyanya yake mbali kaskazini, anayeogeshwa na mwanafunzi wa huko. Mtoto hamtegemei mzazi, na mzazi hamtegemei mtoto. Kila mmoja anaitegemea serikali, na serikali, lazima nikiri, haichelewi. Wanapotembeleana ni kwa kupenda tu, si kwa haja. Waswidi wengine watakuambia ya kwamba huo ndio upendo ulio safi, usio na hesabu ndani yake. Sikuweza kuwabishia. Ila yule mzee humwomba mwanafunzi akae dakika tano zaidi, na mwanafunzi hutazama saa, kwa kuwa nyumba zilizobaki ni nne na Jumatatu ana mtihani.

Mtihani wenyewe hufanywa katika ukumbi mkubwa, mara nyingi kwa saa nne au tano. Unaonyesha kitambulisho, unapewa namba, na jina lako haliandikwi juu ya karatasi ili mwalimu asijue anasahihisha ya nani. Waweza kuja na ndizi na chupa ya chai. Ukianguka, utaandika tena, na sheria yao inataka mtu apewe nafasi zisizopungua tano panapowekwa mpaka. Nani kwetu aliyepewa nafasi tano? Hata hivyo huruma hiyo ina hila yake, maana mwenye mitihani miwili ya nyuma na mmoja wa mbele ndiye utakayemkuta maktabani mpaka taa zizimwe.

Wanaosahau vitabu kwa muda huenda katika nyumba za jimbo. Ni vyama kumi na vitatu, kila kimoja kwa jina la sehemu ya nchi, vya tangu zamani, kama vile vijana wa Usukuma au wa Ugogo walioko mjini wangekuwa na nyumba yao. Humo mna chakula cha bei nafuu, kwaya, mpira, dansi, na baa pia, sitaficha. Wanaopika na kuosha vyombo ni wanafunzi wenyewe. Na Wakatoliki wana parokia ya Mt. Lars, ndiye Laurenti shemasi, wanayoitunza Wajesuiti. Baada ya Misa watu hawaondoki upesi, huketi wakanywa kahawa, na utasikia lugha nyingi mezani. Wajesuiti hao pia wana chuo chao hapo, Newman, kilichopata haki ya kutoa shahada mwaka 2010.

Kama una mwana anayeota kwenda huko, msikilize, lakini mweleze mambo haya. Ile elimu ya bure si yake. Tangu 2011 watokao nje ya Umoja wa Ulaya na nchi jirani zake chache hutozwa karo, nayo ni kubwa, isipokuwa wale wa masomo ya udaktari. Kabla ya kupewa kibali cha kukaa lazima aonyeshe kwamba ana fedha za kujilisha. Ziko nafasi za kusomeshwa na serikali yao, lakini wanaoomba ni wengi. Na chumba hupatikana kwa foleni, kwa hiyo ajiandikishe mapema kabla hajafunga sanduku.

Tena amwambie mtu mmoja wa nyumbani ampigie simu kwa siku maalumu kila wiki. Si kwa kumchunguza.

Ifikapo tarehe 30 Aprili, mkesha wa Mt. Walburga, utadhani mji umebadilishwa watu. Wale wakimya hutoka wote, hushindana mtoni kwa mashua za mchezo walizojijengea, nyingi zikavunjika kwenye maporomoko, na saa tisa alasiri huvaa kofia nyeupe za shule wakazipunga mbele ya Carolina. Baada ya hapo jua halitaki kuondoka. Mwezi wa Juni linachomoza karibu saa tisa na nusu usiku na kutua saa nne usiku imekwisha pita, na vijana hulala wamefunika macho kwa kitambaa. Mitihani ya mwisho huandikwa katika mwanga huo. Kisha vyumba vinaachwa, na kwa kuwa fedha za CSN hazitolewi kwa asiyesoma wakati wa likizo, kila mmoja anakwenda kutafuta kibarua cha miezi ya joto. Yule wa wazee tayari anacho; safari hii amepewa zamu za wiki nzima, na nyumba zake zimekuwa tisa.